Dondoo muhimu: Kufufua redio ya vali

Redio ikiwa haijachomekwa, fungua kifuniko cha nyuma usome. Namba ya modeli huwa hapo, na kila vali ina yake kwenye kioo: ECH81, EL84, EZ80. Kwa namba hizo utatafuta mchoro wa saketi. Bila mchoro, fundi anabahatisha tu.

Vali zenyewe mara nyingi bado nzima, usikimbilie kuzibadili. Wabaya hasa ni kapasita za karatasi na nta, ambazo zikizeeka huvujisha umeme. Weka mpya zenye uwezo uleule, na volti zilezile au zaidi. Usiwashe “kujaribu tu” kabla ya hapo: transfoma ikiungua, kupata nyingine ni kazi kweli.

Vifundo na spika? Tafuta redio mbovu ya modeli hiyohiyo. Waulize mafundi wakongwe.