MKONO ULIOPOOZA: JE, NJIA YA AMRI IMEKATIKA?

Mtu akipatwa na kiharusi, mara nyingi mkono na mguu wa upande mmoja hulegea. Watu wa nyumbani huuliza: "Je, mkono huu utafanya kazi tena?" Kwa mkulima swali hili ni zito, kwa sababu bila mkono hakuna jembe. Leo tutajifunza jinsi madaktari wanavyotumia sumaku kutafuta jibu.

Kiharusi ni nini?

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Si ugonjwa wa mkono. Mshipa wa damu katika ubongo huziba au hupasuka. Sehemu ya ubongo inayokosa damu huumia, na nyingine hufa. Misuli ya mkono bado ipo. Mifupa bado ipo. Kilichoharibika ni mahali amri inapotoka, au njia inamopita.

Njia ya amri

Unapotaka kushika jembe, amri hutoka sehemu ya juu ya ubongo. Hushuka mpaka karibu na shingo. Hapo njia nyingi huvuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana kiharusi cha ubongo wa kushoto hulegeza mkono wa kulia. Kisha amri hupita katika uti wa mgongo, huingia katika mishipa ya fahamu ya mkono, na mwisho hufika kwenye misuli. Safari hii ni ya haraka sana. Ukiigawa sekunde moja mafungu 1,000, amri hufika kiganjani kwa mafungu 20 hivi.

Sasa fikiri juu ya mfereji wa maji. Shamba likikauka, huwezi kujua kwa kulitazama tu kama mfereji umekatika kabisa. Labda bado unapitisha maji, lakini hayatoshi. Ukitaka kujua, mwenzako hufungulia maji kule juu, nawe husimama shambani ukitazama. Madaktari hufanya hivyo hivyo kwa mkono uliopooza.

Kipimo cha sumaku

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huamsha umeme katika waya. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, katika mji wa Sheffield, Uingereza, walitumia kanuni hiyo kuamsha ubongo wa mtu kutoka nje ya kichwa. Hawakupasua fuvu.

Chombo chenyewe ni waya uliozungushwa mara nyingi na kufunikwa vizuri. Daktari hukishika juu ya kichwa cha mgonjwa. Umeme mkali hupita katika waya ule kwa muda mfupi mno, na nguvu ya sumaku hutokea. Nguvu hiyo hupenya ngozi na fuvu bila kukata, kisha huamsha umeme kidogo katika ubongo. Mgonjwa husikia mlio, na huhisi kama amegongwa kidogo kichwani.

Vibandiko vidogo huwekwa juu ya misuli ya mkono. Kazi yake ni kupima kama amri imefika. Hata mgonjwa asipoweza kuinua kidole, vibandiko vinaweza kuonyesha kwamba misuli imejibu.

Jibu lina maana gani?

Chukua wagonjwa wawili. Wote wamelegea mkono wa kulia. Ukiwatazama kitandani, wanafanana. Wa kwanza anapimwa, na misuli yake inajibu. Njia yake ipo, ingawa imedhoofika. Ana matumaini mazuri ya kuutumia mkono wake tena, lakini lazima afanye mazoezi kwa bidii. Wa pili anapimwa, na misuli haijibu. Matumaini ya mkono wake ni madogo zaidi. Huyu asiachwe. Afundishwe kuulinda mkono ule usikakamae, na kufanya kazi kwa mkono mwingine. Mguu wake nao una njia yake. Wengi ambao mkono haukurudi wamejifunza kutembea tena.

Katika mji wa Auckland, New Zealand, Cathy Stinear na wenzake walitengeneza utaratibu wa kupima hivi mwaka 2012, wakauboresha mwaka 2017. Katika siku 3 za kwanza, mgonjwa huambiwa ainue mkono kwa upande, kisha anyooshe vidole. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0 mpaka 5. Jumla ikiwa 5 au zaidi, sumaku haihitajiki, kwa maana matumaini yameshaonekana. Ikiwa chini ya 5, sumaku hutumika katika juma la kwanza. Utaratibu huu ulibashiri sawasawa hali ya mkono baada ya miezi 3 kwa wagonjwa 3 hivi katika kila 4. Basi ni msaada mkubwa, lakini si hukumu.

Tahadhari

Sumaku hii hupima, haitibu. Mtu mwenye chuma kichwani, au chombo cha kuendesha moyo, asipimwe kabla daktari hajaamua kuwa ni salama. Mwenye kifafa amwambie daktari mapema. Na mtu akikuuzia bangili ya sumaku akisema inaponya kiharusi, usinunue. Sumaku iliyotulia mkononi haiamshi umeme katika ubongo.

Tufanye nini kijijini?

Chombo hiki ni ghali, na hakipo katika zahanati ya kijiji. Lakini mambo haya tunayaweza:

1. Uso ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Usingoje kesho.
2. Usimpe chakula wala maji kabla mganga hajahakikisha kwamba anaweza kumeza.
3. Usimwinue kwa kuvuta mkono uliolegea. Bega litaumia. Uegemeze mkono juu ya mto.
4. Tazama bega na vidole kila siku. Vikianza kusogea, hata kidogo, mwambie mganga. Ni dalili njema.
5. Fanya naye mazoezi aliyofundishwa, kila siku. Miezi 3 ya kwanza ina faida kubwa.
6. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri.

Ndugu msomaji, usimwambie mgonjwa kwamba upande wake umekufa. Macho yako hayaioni njia iliyo ndani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kiharusi cha ubongo wa kushoto hulegeza mkono wa kulia?
2. Vibandiko vya mkononi vina kazi gani?
3. Misuli isipojibu, mgonjwa asaidiwe namna gani?
4. Mgonjwa wa kiharusi akitokea kijijini kwenu usiku, mtamfikishaje hospitali?