Ng'ombe, Nyumbu na Miti ya Serengeti

Katika somo hili twataka kutazama jinsi wanyama wanavyoongezeka na kupungua, na jinsi hesabu ya mmoja inavyofungamana na hesabu ya mwingine. Tumechagua Serengeti kwa kuwa huko jambo hili limepimwa kwa miaka mingi. Tena habari yenyewe inaanzia zizini, mahali ambapo wengi wetu twapafahamu kuliko mbuga.

Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Ng'ombe wengi mno walikufa, na nyati na nyumbu pia. Wamasai, ambao riziki yao ilikuwa mifugo, walipatwa na njaa ya kutisha. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa na ngozi. Baada ya hapo sotoka haikuondoka. Kwa miaka sabini hivi ilikuwa ikirudi mara kwa mara, na kwa nyumbu iliwaua hasa ndama, pindi ile kinga waliyoipata kwa mama zao ilipokwisha.

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba wanyama wa porini ndio waliouhifadhi ugonjwa huo. Kumbe sivyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti walichanjwa. (Ni katika miaka hiyo Walter Plowright na wenzake, huko Muguga nchini Kenya, walipotengeneza chanjo iliyo bora zaidi.) Hakuna nyumbu aliyedungwa sindano, lakini kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwao. Chemchemi ya ugonjwa ilikuwa zizini.

Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 1961 ilionyesha nyumbu wapatao 250,000. Mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja na robo. Je, si mvua tu iliyowaongeza? Hapo tumtazame punda milia. Yeye hula majani katika mbuga ile ile, lakini hacheui, na sotoka haimshiki. Hesabu yake katika miaka hiyo haikubadilika sana. Nyati, ambaye hucheua, aliongezeka. Ushahidi wa namna hii hupatikana kwa nadra nje ya maabara.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme kila nyumbu mia huongezeka kumi kwa mwaka, baada ya kuwatoa waliokufa. Mwaka wa kwanza 250,000 huzidi kwa 25,000. Mwaka wa pili nyongeza ni 27,500, kwa sababu walioongezeka nao wanazaa. Katika miaka saba wamekaribia nusu milioni, na katika miaka kumi na minne wamekaribia milioni moja. Tukiendelea hivyo kwa miaka hamsini tutapata nyumbu milioni ishirini na tisa! Bila shaka hawapo. Ni nini kilichowazuia?

Tulipokuwa tukifundisha chuoni tuliwauliza walimu wanafunzi swali hili, na karibu wote walijibu: simba. Jibu hilo lapendeza, lakini halitoshi. Nyumbu huhama mwaka mzima. Huzaa katika nyanda za majani mafupi upande wa kusini mashariki wakati wa mvua, kisha kiangazi huenda kaskazini hadi mto Mara na kuvuka mpaka wa Kenya. Simba jike ana watoto na ana eneo lake. Hawezi kuwafuata kundi zima. Nyumbu walio wengi hufa kwa kukosa lishe wakati wa kiangazi. Kadiri walivyo wengi, ndivyo fungu la majani la kila mmoja linavyopungua, na waliodhoofika hufa kwanza. Ukame wa mwaka 1993 ulilishusha kundi chini ya milioni moja, nalo likapanda tena baadaye.

Mambo hayakuishia kwa nyumbu. Zamani majani marefu yalibaki hadi kiangazi, na moto ulipita sehemu kubwa ya mbuga kila mwaka ukiunguza miche. Nyumbu walipokuwa wengi waliyala yale majani, moto ukakosa kuni, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Basi chanjo ya ng'ombe ikapanda miti, mahali ambapo hakuna aliyekusudia kuipanda. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011.

Lakini zizi na mbuga bado ni majirani. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ambao twaujua kuwa wa mbwa, uliwaingia simba wa Serengeti na kuwaua kama theluthi moja, yaani wapatao elfu moja. Vijiji vya jirani vina mbwa wengi, na baadaye kampeni za kuwachanja zilianzishwa, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, kinachowaua watoto wetu. Yafaa kila mwenye mbwa ampeleke siku hiyo inapotangazwa. Hata hivyo distempa imeendelea kuonekana kwa simba baada ya mbwa wengi kuchanjwa, na inaelekea wanyama wengine wa porini nao huibeba. Safari hii, zizi peke yake silo chemchemi.