Chikanda Bora ya Lubumbashi: Wapi na Namna ya Kuitafuta

Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Luano, wenyeji wake humpeleka kwanza kula michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma kwa vitunguu na pilipili, na wana haki. Lakini nyama choma nzuri utaikuta pia Arusha na Nairobi. Kinachostahili kutafutwa Lubumbashi ni chikanda, chakula kinachokatwa vipande na kuliwa kwa mkono, ambacho watu wa mkoa huu wa Haut-Katanga wanakipenda sawa na ndugu zao Wabemba wa ng'ambo ya mpaka, Zambia.

Ukiiona, utadhani ni soseji nene ya rangi ya kahawia. Haina nyama hata chembe. Imetengenezwa kwa karanga zilizotwangwa na unga wa vijiazi vya okidi za porini, zile zinazoota kwenye mabonde yenye majimaji na nyanda za juu za nyasi. Mpishi huchemsha unga wa karanga kwa chumvi na pilipili, hutia magadi, kisha humwagia unga wa vijiazi huku akikoroga bila kupumzika mpaka uji ushikane. Halafu hufunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko, uso wake upate ganda. Kazi ya kushikanisha ni ya vijiazi. Waturuki nao hutumia unga wa vijiazi vya okidi, salep, na ndio unaofanya aiskrimu yao ivutike.

Hapo ndipo penye siri ya kuchagua. Vijiazi vina gharama, na mpishi anayebana matumizi huvipunguza. Mwombe mama akukatie mbele yako. Chikanda nzuri hukatika kwa kisu kimoja, uso wake unabaki laini, na ukiibonyeza inarudi. Ikivunjika na kumwagika punje, vijiazi vilikuwa vichache. Ladha ya karanga ije kwanza, pilipili ifuate nyuma. Ukisikia uchungu wa magadi, nenda meza nyingine. Mimi hupendelea kipande cha pembeni, chenye ganda.

Anzia soko la Kenya, katika komini ya jina hilo. Halafu soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila katikati ya mji. Usitafute kibao wala jina la duka. Angalia mama ambaye wateja wake ni wauzaji wenzake, maana hao wanajua nani kapika vizuri. Salimia kabla ya kuuliza bei, "Jambo mama," kisha uliza: "Ni ya leo ao ya jana?" Kiswahili chako cha Dar es Salaam au Mombasa kitaeleweka, ingawa utajibiwa kwa Kiswahili cha hapa, na maneno ya Kifaransa ndani yake. Chagua iliyofunikwa, isiyoachwa juani. Asiyekula nyama atashiba bila wasiwasi, hasa akiila kama kitoweo cha bukari, yaani ugali wa hapa. Mwenye mzio wa karanga asiionje kabisa.

Beba faranga za noti ndogondogo. Dola hupokelewa mjini, lakini noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe karibu unapoingia nchini. Saa ya Lubumbashi iko nyuma ya ile ya Nairobi kwa saa moja. Nenda asubuhi, maana sufuria ya mpishi hodari haingoji jioni.

Jambo la mwisho ni zito. Anayechimba kijiazi hung'oa okidi nzima, na karibu zote hutoka porini. Hitaji la walaji limefika hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba vijiazi zaidi ya milioni 2 kwa mwaka vilikuwa vikipelekwa Zambia. Mwaka 2005 Kitulo, mahali palipojaa okidi, ikawa hifadhi ya taifa. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, na Kongo ni mwanachama. Kwa hiyo nunua kipande, ukile hapo hapo sokoni, mlipe mama bei yake bila kumbana, na usinunue vijiazi vikavu vya kuvuka navyo mpaka wa Kasumbalesa.