Kizimba cha Ndege Ndani ya Nyumba na Mapafu ya Mfugaji: Mazingira ya Mpanda na Mkoa wa Katavi

Katika kaya nyingi za Mpanda na vijiji vya Katavi, ndege wa kufugwa hulala chini ya paa moja na binadamu. Njiwa huwekewa makasha ukumbini, kuku hulazwa jikoni au sebuleni, na baadhi ya watu hufuga kasuku kwa kufurahia sauti na rangi yake. Sababu zake zinaeleweka: mwizi, kicheche na nyoka hawampi mfugaji nafasi ya kulaza ndege nje bila banda imara. Kwa hiyo ushauri wa kuwatoa ndege wote nje, unaotolewa mara kwa mara bila kuuliza hali ya kaya, aghalabu haufuatwi. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: vumbi la ndege hao linakwenda wapi?

Vumbi hilo ni mchanganyiko wa kinyesi kilichokauka na unga mwembamba wa manyoya. Njiwa na kasuku hutoa unga huo kwa wingi kuliko kuku. Mtu anayeuvuta kwa muda mrefu anaweza kupata mzio wa mapafu uitwao ugonjwa wa mapafu ya wafuga ndege. Ugonjwa huu hauambukizi. Katika hali yake ya ghafla, homa, kikohozi, baridi na kubanwa pumzi huanza baada ya muda wa kati ya saa 4 na saa 8 tangu kufagia banda, kisha hupungua mgonjwa anapokaa mbali na ndege kwa siku moja au mbili. Kwa kuwa homa ilipanda na kushuka, wengi hudhani ni malaria. Hali sugu ni ya hatari zaidi: kikohozi kikavu cha miezi mingi, kukonda, uchovu, na pumzi kukatika hata kwa kazi ndogo. Dalili hizo hufanana sana na kifua kikuu. Mgonjwa hupimwa makohozi, hakuna kinachoonekana, hurudi nyumbani na kulala tena jirani na njiwa wake. Vumbi lisipozuiwa, mapafu hupata makovu yasiyoondoka.

Yapo pia maambukizi. Homa ya kasuku husababishwa na bakteria Chlamydia psittaci, na hutibika kwa doksisaiklini ikitambuliwa mapema; mwaka 1929 na 1930 ilienea Ulaya na Marekani kupitia kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini. Kinyesi cha njiwa nacho hustawisha fangasi aina ya Cryptococcus, ambao kwa mtu mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU na CD4 zake zikiwa chini ya 100, wanaweza kuleta homa ya uti wa mgongo. Mtu huyo hapaswi kusafisha kizimba cha njiwa hata kidogo.

Ujenzi, basi, uanze na mahali. Kizimba kisiwekwe chumba cha kulala. Jikoni nako hapafai, kwani moshi wa mkaa huua ndege kabla ya kumlevya mwenye nyumba. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka mgodini na ndege wadogo aina ya kanari hadi miaka ya 1980. Mvuke wa kikaango kisichogandisha, kikiunguzwa mno, nao huwaua. Panapofaa zaidi ni ukumbi au chumba cha pembeni chenye dirisha lake, chenye ukuta kamili na mlango unaofungwa upande wa vyumba vya watu, ili hewa itoke nje badala ya kuingia ndani. Chini ya bati, joto la Septemba na Oktoba ni kali. Dari au tabaka la nyasi juu ya kizimba hupunguza adha hiyo.

Urefu wa kwenda mbele una faida kuliko kimo, maana ndege huruka kwenda mbele. Njiwa akikunjua mabawa hufikia takriban sentimita 65, hivyo upana usipungue hapo. Wavu mpya wa chuma hupakwa zinki, ambayo humdhuru ndege anayeudonoa. Usuguliwe kwa brashi na siki, usuuzwe, kisha ukaushwe. Vijiti vya kutulia viwe matawi ya mpera yenye unene tofauti, visiwe juu ya chakula wala maji. Sakafu iwe ya saruji, au kuwe na sinia la bati linalovutwa nje.

Usafi usifanywe kwa ufagio mkavu. Kinyesi kinyunyiziwe maji kwanza, kikwanguliwe kikiwa kibichi, kisha kifukiwe. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii vumbi laini. Barakoa ya aina ya N95 huzuia. Baada ya kuosha kwa sabuni, sehemu 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ikichanganywa na sehemu 6 za maji hutosha kuua vijidudu, ndege wakiwa wametolewa hadi pakauke. Klorini isichanganywe kamwe na siki, kwani hutoa gesi ya sumu. Ndege mgeni atengwe siku 30. Parachichi lisitolewe kwa ndege: ni sumu kwao. Aidha, kasuku na ndege wengine wa porini hawafugwi bila kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kwa mhudumu wa zahanati, maswali matatu hayachukui hata dakika moja: Je, nyumbani kuna ndege? Wanalala wapi? Nani huwafagilia? Yaulizwe kwa kila mwenye kikohozi cha muda mrefu, bila kuacha kipimo cha kifua kikuu, kwani mfuga njiwa naye anaweza kuwa nacho. Ugonjwa wa mapafu ya wafuga ndege ukithibitishwa, ndege hawana budi kuondolewa kabisa, na kuta, dari na mapazia vioshwe, kwa sababu chembe za unga wao hubaki ndani ya nyumba kwa miezi mingi baada ya kizimba kuwa kitupu.