Majimbi ya kula na majimbi ya maua: jua tofauti kabla hujanunua polo

Wajasiriamali wenzangu wa Pemba, Ramadhani majimbi ya nazi hayakosi kwenye futari, na kila mtu analeta mzigo sokoni. Hapo ndipo tunapojikwaa.

Mwaka mmoja nilinunua polo kwa mtu nisiyemjua, kisa bei nzuri. Kumbe humo mmechanganywa mizizi ya maua ya uani. Kesho yake mteja karudi, midomo imemvimba. Pesa nilimrudishia, lakini mezani kwangu hakupita tena. Basi nawapa nilichojifunza:

1. Jimbi na maua mengi ya majani mapana ni ukoo mmoja. Yote yana chembe mithili ya sindano ndogo, ndizo zinazowasha mdomo na koo. Jimbi la kula likichemshwa sana ukali hupungua. Ua ni la kutazama, usilijaribu sufuriani.

2. Tazama jani. Jimbi letu la bondeni, kikonyo hushika kwa chini ya jani, mbele kidogo ya ule mpasuko, na jani huinama. Maua mengi makubwa, kikonyo hushika pale pale kwenye mpasuko, na jani huelekea juu.

3. Usiishie hapo. Lipo jimbi jingine la kula ambalo nalo kikonyo chake hushika kwenye mpasuko. Jani lenye madoa mekundu au meupe lishuku, lakini kijani kitupu si dhamana.

4. Majani yakishakatwa, mzizi peke yake hukudanganya. Nunua kwa mkulima unayemjua, au anayekubali kukuonesha shamba. Asiyejua kusema mzigo umechimbwa wapi, mwache nao hata ukiwa wa bei ya kutupa.

5. Usionje bichi kujaribu. Hata jimbi zuri likiwa bichi linawasha.

6. Mteja akiwashwa, asukutue kinywa, anywe maji baridi au maziwa. Ulimi au koo ukivimba, au pumzi ikibana, hospitali haraka.

Jamani, faida ya polo moja haimlipi mteja anayekuja kwako kila Ramadhani. Kama una mwenzako anauza majimbi Chake, Wete, Konde au Mkoani, mtumie somo hili kabla mwezi haujaandama.