Figo: Hutoa Vyote Nje, Kisha Hurudisha

Ukiwahi kusimama karibu na mbuzi anayechunwa, umeziona figo: mbili, zimegandamana na ukuta wa nyuma wa tumbo, kila moja imezungukwa na mafuta. Zako zimekaa vivyo hivyo, kila upande wa uti wa mgongo, sehemu yake ya juu ikikingwa na mbavu za mwisho. Ya kulia huwa chini kidogo kwa sababu ini limechukua nafasi juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Kunja ngumi, ndio ukubwa wake.

Hiyo ni anatomia: kitu kiko wapi, kina umbo gani, kimeshikana na nini. Kinafanya kazi gani, na kwa njia ipi, ni swali la fiziolojia.

Anatomia peke yake inaweza kukuondolea hofu. Wengi husema "figo zinaniuma" huku wameshika kiuno. Figo haziko huko chini. Maumivu ya hapo mara nyingi ni ya misuli au ya uti wa mgongo. Ya figo huanzia juu zaidi, ubavuni, chini ya mbavu.

Si chujio la chai

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika. Takriban lita 1 kati ya hizo huenda kwenye figo, ambazo zote mbili hazifiki nusu kilo. Humo damu hukutana na nefroni, vichujio visivyoonekana kwa macho, kama milioni 1 katika kila figo. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha vimishipa vyenye kuta nyembamba. Msukumo wa damu hukamua maji, chumvi, sukari na taka zipenye kuta hizo. Chembe za damu na karibu protini zote hubaki ndani.

Kwa siku moja hukamuliwa lita 180 hivi. Mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2 tu.

Nyingine zimekwenda wapi? Kumbuka nyumba inavyosafishwa Idi ikikaribia: viti, mikeka na masufuria vyote hutolewa uani, kisha vinavyotakiwa hurudishwa kimoja kimoja. Kinachobaki uani ni taka. Nefroni ina mrija mrefu uliojipinda, na kuta zake ndizo zinazorudisha. Sehemu ya kwanza tu ya mrija hurejesha theluthi mbili za maji na chumvi, na karibu sukari yote. Ni kazi ya kuchosha, lakini ina busara yake: figo haihitaji kuijua kila taka inayoingia mwilini, mradi inavijua vitu vyake.

Sisimizi chooni

Hao warudishaji wa sukari wana kikomo. Sukari ikizidi takriban miligramu 180 katika desilita 1 ya damu, huwashinda, na inayobaki hutoka na mkojo ikivuta maji. Ndiyo maana mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana na kiu haimwishi. Ndiyo maana pia sisimizi hukusanyika alipokojoa. Lakini usiwafanye sisimizi kipimo: wasipokuja, bado unaweza kuwa na kisukari.

Maji yana udhibiti wake. Ukilima juani bila kunywa, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni inayoiamuru mirija irudishe maji zaidi. Mkojo unakuwa kidogo, rangi yake imekolea.

Figo haipigi kelele

Figo pia hutengeneza homoni inayouhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo figo zikishindwa kazi, damu hupungua.

Ubaya ni kwamba nefroni zikifa, zilizosalia hubeba mzigo wao, na mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo asihisi lolote. Kisukari na shinikizo la juu la damu ndio wauaji wakuu wa nefroni. Mwenye mojawapo aombe vipimo viwili kila mwaka: kreatinini katika damu, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, na protini katika mkojo, ambayo ikionekana nyingi huashiria kuwa zile kuta nyembamba zimeanza kuvuja.