Somo: Pikipiki ya mradi ikigoma, tuanze na kabureta, tusianze na dereva



Kando ya Ziwa Tanganyika na katika milima ya Kivu ya Kusini, pikipiki moja ya mradi inafanya kazi ya wengi. Inapeleka ujumbe wa kamati ya amani, inabeba dawa, inamfikisha mama mjamzito hospitalini. Nyingi ni za zamani, kama Yamaha DT125 au AG100. Siku inapogoma au inapokunywa esanse kupita kiasi, maneno yanaanza: "Dereva ameuza esanse." Kama dereva ni mwenyeji na anayelalamika ni mkimbizi wa ndani, au kinyume chake, maneno hayo hayaishii kwa dereva. Yanaingia kati ya makundi mawili. Kwa hiyo tujifunze kutafuta sababu kwanza.

1. Kabureta inafanya nini?

Kabureta inachanganya hewa na esanse kabla haijaingia katika motere. Kilo 1 ya esanse inahitaji kilo 15 hivi za hewa. Fungua buji uitazame:
- Kahawia hafifu: mchanganyiko ni mzuri.
- Nyeusi yenye masizi makavu: esanse imezidi.
- Nyeupe: hewa imezidi, na motere inapata moto sana.

Moshi wa bluu ni wa oili. Hapo kabureta haina kosa.

2. Fuata njia ya esanse, hatua kwa hatua

Fanyeni kazi nje, motere ikiwa imepoa, mbali na sigara na makala. Msivute esanse kwa mdomo.

a) Kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha hewa. Pikipiki ikizimika njiani, kisha ikawaka baada ya kufungua kifuniko, kitundu kimeziba.

b) Robine na filtri. Toa mpira, fungua robine juu ya chupa. Esanse ikidondoka tone kwa tone, kuna uchafu.

c) Esanse yenyewe. Iache nusu saa katika chupa nyeupe. Maji yakiwemo yatakaa chini. Esanse ya chupa za barabarani ichunguzwe hivi kila mara.

d) Kikombe cha chini cha kabureta. Kifungue, kimwage, kisafishwe.

e) Jikleri, yaani kitundu kidogo cha shaba kinachopimia esanse. Puliza kwa pompi ya baiskeli. Usichokonoe kwa waya: kitundu kikipanuka, pikipiki itakunywa esanse daima.

f) Filtri ya hewa na starteri. Filtri iliyojaa vumbi, au starteri iliyokwama, inafanya esanse izidi.

3. Esanse inaweza kupotea bila mwizi

Ndani ya kikombe mna boya linaloinua sindano ndogo ili kufunga esanse kikombe kinapojaa. Sindano ikilika au ikishikwa na mchanga, esanse haifungwi. Inamwagika kwa mpira wa chini hata pikipiki ikiwa imesimama. Jaribu hivi: simamisha pikipiki wima, fungua robine, weka bakuli safi chini, ngoja nusu saa. Ukikuta esanse katika bakuli, umempata mwizi. Mpaka sindano ibadilishwe, robine ifungwe kila pikipiki inaposimama.

4. Mlima nao unakula esanse

Ziwa liko kwenye mita 770 hivi, lakini Nyanda za Juu za Uvira na Fizi zinapita mita 2000. Huko hewa ni nyepesi. Jikleri ile ile inatoa esanse nyingi kuliko hewa iliyopo, na pikipiki inapoteza nguvu. Kwa hiyo lita zilizotosha kilomita 60 za bondeni hazitatosha kilomita 60 za kupanda. Pikipiki itakayokaa juu kwa muda mrefu iwekewe jikleri ndogo zaidi na fundi.

5. Kazi ya kamati

- Pikipiki iwe na daftari: tarehe, lita, kilomita, safari, sahihi ya dereva na ya msafiri.
- Ikiharibika, ichunguzwe mbele ya watu wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa wakimbizi wa ndani.
- Neno "wizi" lisitamkwe katika mkutano kabla ya uchunguzi huo.
- Kabureta ikiwa nzima na hesabu bado haikubali, dereva aulizwe kwa utulivu, daftari likiwa wazi mezani. Kuchunguza si kumficha mkosaji. Ni kumlinda asiye na kosa.

Maswali ya kujadili
1. Katika kambi yetu, ni lawama gani iliyosemwa kabla ya kuchunguzwa?
2. Nani anaaminiwa na pande zote mbili kushika daftari?
3. Kitu gani kingine tunachotumia pamoja, kama bomba la maji au mashine ya kusaga, kinahitaji utaratibu huu?